Dhamiri, Kazi na Undugu katika Uamsho wa Afrika Mashariki

Uamsho wa Afrika Mashariki, yaani vuguvugu la toba lililochipuka ndani ya Kanisa la Anglikana nchini Rwanda na Uganda mwishoni mwa miaka ya 1920 na katika miaka ya 1930, kisha likaenea hadi Burundi, Kenya na Tanganyika, umesimuliwa mara nyingi kama historia ya mahubiri, nyimbo na mikutano mikubwa. Wale waliokulia ndani yake, hata hivyo, hukumbuka pia jinsi ulivyoingia katika mshahara, shamba, deni na kibuyu cha pombe, na jinsi ulivyowalazimu ndugu kuamua pamoja mambo ambayo Maandiko hayakuyataja kwa majina. Ndugu ndilo jina walilojiita washiriki wake, wake kwa waume, ingawa majirani waliwaita Walokole, yaani waliookoka. Maamuzi yao yanastahili kufuatiliwa hatua kwa hatua, kwa kuwa watu wale wale wenye imani ile ile waliweza kusimama pamoja katika swali lililohatarisha uhai wao, kisha wakatengana kwa uchungu juu ya fedha ya kukopa.

Mwanzo wenyewe ulihusu kazi. Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mwajiriwa wa serikali katika shughuli za afya, alikutana na daktari Mwingereza Joe Church huko Namirembe, Kampala, Septemba 1929, wakasoma Biblia na kuomba pamoja, na Nsibambi akaacha ajira yake ili ahubiri. Church alirudi katika hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, mahali palipokuwa pametikiswa na njaa kali na ambapo watumishi wa hospitali walikuwa wakivutana. Mmoja wa watumishi wakuu wa hospitali hiyo, Yosiya Kinuka, alikwenda Kampala kuonana na Nsibambi, na alipoulizwa hali ya hospitali na kueleza ubovu wake, aliambiwa kwamba ubovu huo ulianzia moyoni mwake mwenyewe. Kinuka alirudi Gahini akiwa mtu mwingine, akawa miongoni mwa nguzo za Uamsho. Tukio hilo liliweka mwelekeo wa muda mrefu, kwani toba ya ndugu ilipimwa kwanza pale mtu alipokula mshahara wake, kabla ya kupimwa kanisani.

Kutokana na hapo ulikua utaratibu ulioitwa kutembea nuruni, maana yake kuyaweka maisha wazi mbele ya kundi dogo lililokutana kila juma, ambapo mtu aliungama dhambi yake kwa kuitaja, akatoa ushuhuda wa kusamehewa, kisha akaenda kutengeneza alichoharibu. Karani alirudisha fedha za ofisi, mpishi akarudisha sukari au thamani yake, mfanyakazi wa shamba akarudisha jembe la tajiri, na waajiri wa kikoloni hawakujua wawafanyeje watu waliojishtaki bila kukamatwa. Katika hatua hiyo utata ulikuwa mdogo, maana wizi ni wizi. Utata ulianza pale ndugu walipoyagusa mambo yaliyounganisha riziki na ujirani.

Pombe ndiyo iliyotangulia. Katika sehemu nyingi za Maziwa Makuu, kuanzia Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, hadi Buhaya, kaskazini-magharibi mwa Tanganyika, kazi nzito ya shamba ilifanywa kwa kuwaalika majirani, na mwenye shamba aliwashukuru kwa pombe ya mtama au ya ndizi, hivyo kukataa kupika pombe kulimaanisha kukosa mikono ya kulima na, kwa macho ya ukoo, kujitenga na watu. Ndugu walikataa. Katika Kigezi karamu zao zilijulikana kwa obushera, kinywaji cha mtama ambacho hunywewa kabla hakijawa kikali, na kwa kilimo walianza kusaidiana wao kwa wao. Lakini nyuma ya uamuzi huo yalibaki maswali ambayo hayakuwa na jibu moja. Yule aliyeacha kunywa rubisi, ile pombe ya ndizi, je, aing'oe migomba ya ndizi za pombe aliyorithi kwa baba yake? Akiwauzia wengine ndizi hizo, fedha anayopata ni safi? Mke ambaye mumewe hajaokoka akiagizwa kupika pombe ya wageni, amtii au amkatalie?

Wanatheolojia huyaita mambo ya namna hii mambo ya kati, yaani yale ambayo Mungu hakuyaamuru wala kuyakataza waziwazi, na chimbuko la mjadala huo ni barua za Mtume Paulo kwa Warumi, sura ya 14, na kwa Wakorintho, ambako Wakristo walibishana kama ni halali kula nyama iliyokwisha kutolewa kwa sanamu. Paulo hakuwapa orodha. Alimtaka mwenye dhamiri yenye nguvu asimdharau aliye dhaifu, na aliye dhaifu asimhukumu mwenzake, akaongeza kwamba hata kilicho halali huachwa kikimwangusha ndugu. Makundi ya Uamsho yalipokuwa madogo, fundisho hilo lilitekelezeka, kwa sababu aliyeuliza habari za migomba alijulikana kwa jina, na waliomjibu walijua ana watoto wangapi na shamba lake lina ukubwa gani. Ujuzi huo wa karibu ulikuwa na uzito mkubwa kuliko wanahistoria wengi wanavyoukadiria.

Umoja na Kanisa lenyewe ulijaribiwa mwaka 1941, wakati wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Bishop Tucker, Mukono, akiwamo William Nagenda, walipofukuzwa kwa kuendelea kuamka alfajiri kusali na kuhubiri baada ya mkuu wa chuo kuwakataza, huku wakilalamikia dhambi zilizofumbiwa macho na mafundisho waliyoyaona yanapunguza nguvu ya Maandiko. Wengi walitarajia kwamba kanisa jipya lingezaliwa. Ndugu waliamua kubaki Waanglikana, wakiketi katika viti vile vile na kupokea ushirika kutoka kwa wachungaji waliowakemea, na uamuzi huo ukawa mfano kwa Walutheri wa Bukoba, Wapresbiteri wa Kikuyu na Wamethodisti wa Meru, ambao nao waliuchukua Uamsho bila kuhama madhehebu yao. Si kila mahali ilikuwa hivyo. Huko Nyanza nchini Kenya, ugomvi kati ya waliosisitiza damu ya Yesu na wale waliosisitiza upendo ulizaa Church of Christ in Africa mwaka 1957, chini ya Matthew Ajuoga.

Jaribu kubwa kuliko yote lilikuja katika nchi ya Wakikuyu, Kenya, baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952. Wapiganaji wa Mau Mau, waliopigania ardhi na uhuru dhidi ya ukoloni, waliwataka watu kula kiapo, ambacho kwa kawaida kilihusisha nyama na damu ya mbuzi, na ndugu wakajibu kwamba wamekwisha kuinywa damu ya Kristo na hawawezi kuichanganya na nyingine. Jibu hilo liliwagharimu wengi maisha, maana aliyekataa kiapo alihesabiwa msaliti wa ardhi na wa ukoo. Kwa upande wa pili, serikali ya kikoloni iliwataka wanaume wajiunge na Homu Gadi, kikosi cha kulinda vijiji dhidi ya Mau Mau, nao wengi miongoni mwa ndugu wakakataa kushika bunduki, wakisema hawawezi kumhubiria mtu leo na kumpiga risasi kesho. Hivyo walishukiwa pande zote mbili. Wapo ndugu ambao dhamiri zao ziliwaruhusu kushika silaha ili kuwalinda watoto wao, na tofauti hiyo ilijadiliwa kwa machozi ndani ya makundi, lakini kwa sehemu kubwa haikuwavunja.

Inafaa kusimama hapa kidogo, kwa sababu kwa mtazamo wa juu juu kula nyama ya mbuzi au kubeba bunduki ya mlinzi vingeweza kuhesabiwa mambo ya kati. Walutheri, katika maungamo yao ya mwaka 1577, walikwisha kueleza kwamba jambo lililo huru kwa asili yake hukoma kuwa huru pale linapodaiwa kwa nguvu kama ishara ya kuikana imani. Wakulima wa Murang'a na Kiambu walifikia hitimisho hilo hilo kwa njia ya mateso. Obadiah Kariuki, mmoja wa viongozi wa Uamsho, alikuwa ameoa binti wa Chifu Koinange, na dada wa mkewe alikuwa ameolewa na Jomo Kenyatta, aliyekamatwa usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1952. Kwa mtu wa namna hiyo siasa haikuwa habari ya mbali, kwa kuwa ilikaa naye mezani. Kariuki alitawazwa askofu huko Namirembe mwaka 1955 pamoja na Festo Olang', na ndugu walionusurika wakajikuta na kazi ya kuishi kijiji kimoja na wale waliowaua jamaa zao, kazi ambayo wengi wao waliifanya kwa kusamehe hadharani.

Baada ya uhuru hakuna aliyewalazimisha ndugu kula kiapo, na hapo ndipo walipoanza kutengana. Watoto wao walikuwa wamesoma, wamepata vyeo vya ualimu, ukarani na ukaguzi, na pamoja na vyeo ikaja mikopo ya kujenga nyumba, ya kununua ng'ombe wa maziwa na ya gari, na bima ya maisha pia. Nchini Uganda, kundi lililojiita Bazukufu, yaani walioamshwa tena, likiongozwa na mchungaji Yona Mondo, lilihubiri kwamba Uamsho umesinzia na kwamba kukopa ni utumwa unaomtoa mtu katika kumtegemea Mungu. Kenya nako lilitokea kundi la Kufufuka lenye msimamo wa kufanana na huo. Pamoja na mkopo yaliingia mambo ya mavazi, nywele na mapambo ya nyumba, na asiyeyaacha alionekana hajatembea nuruni.

Hoja zao hazikuwa za kijinga, na waliozibeza walikosea. Paulo aliwaandikia Warumi wasiwe na deni kwa mtu ila deni la kupendana, na mtu yeyote aliyeona shamba la jirani likipigwa mnada alijua kwamba mkopo humweka mtu chini ya bwana mwingine. Waliokuwa na msimamo mwingine waliukumbusha mfano wa talanta, ambamo bwana anamlaumu mtumwa kwa kutoiweka fedha kwa watoao riba, wakauliza pia mwalimu wa shule ya msingi angesomeshaje watoto wake kwa mshahara wa mwezi peke yake. Pande zote mbili zilikuwa na Maandiko, zote zilikuwa na watu wa sala, na zote zilidai urithi wa Gahini. Kilichobadilika ni mahali pa kulijibu swali. Zamani mtu aliuleta mzigo wake kwenye kundi lililomfahamu, akaambiwa asubiri au aendelee, na shauri alilopewa halikuwa sheria kwa jirani yake. Sasa jibu lilitangulizwa kabla mtu hajauliza, likatumika kumtambua nani ni ndugu na nani amepoa, na mwenye nyumba ya mkopo akakuta kiti chake hakipo tena katika ushirika ambao baba yake alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Hilo lilikuwa hasara kubwa, na majeraha yake yalirithiwa na watoto ambao hawakujua ugomvi ulianzia wapi.

Mateso yaliporudi, safari hii Uganda, ule undugu wa zamani ulionekana tena kwa kitambo. Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka katika Uamsho mwaka 1948, aliuawa na utawala wa Idi Amin tarehe 16 Februari 1977, na askofu wa Kigezi, Festo Kivengere, aliyewahi kuwa mwalimu Dodoma, alitoroka kwa miguu kuvuka mpaka wa Rwanda. Baada ya kurudi, Kivengere aliwapa wanawake upadri mwaka 1983 bila kungoja makubaliano ya jimbo lote, hatua ambayo baadhi ya ndugu waliiona kuwa tunda la Uamsho na wengine wakaiona kuwa ukaidi.

Upande wa Tanzania, ambako Josiah Kibira wa Bukoba, mtoto wa Uamsho na rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani tangu 1977 hadi 1984, aliandika juu ya kanisa kama ukoo mpya unaomlea mtu, suala la mikopo lilichukua mkondo ambao ndugu wa miaka ya 1970 wasingeweza kuukisia. Dayosisi ya Kaskazini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri ilianzisha Uchumi Commercial Bank mjini Moshi mwaka 2005, na Dayosisi ya Mashariki na Pwani ikaanzisha Maendeleo Bank jijini Dar es Salaam mwaka 2013. Katika ngazi ya mtaa, Wakristo wengi wamejiunga na VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa ambamo wanachama hukutana kila juma, hutoa hisa mbele ya wenzao na hudhaminiana. Mkutano wa kila juma, uwazi mbele ya kundi dogo na kujulikana kwa jina vimerudi kwa njia ya fedha.

Mjadala umehamia kwa mdhamini. Kitabu cha Mithali kinamwonya mtu asijifunge kwa deni la jirani yake, na Paulo anawakemea Wakorintho kwa kupelekana mahakamani mbele ya wasioamini, ilhali Wagalatia wanaagizwa wachukuliane mizigo. Mwanachama anaposhindwa kulipa, na bati za nyumba yake zinapohesabiwa kuwa dhamana, wale waliotia sahihi kwa ajili yake Jumatano wanakutana naye meza ya Bwana Jumapili, na katika vikundi vingi wapo wanaotaka bati ziezuliwe kwa kuwa fedha ni ya wajane pia, na wapo wanaotaka deni ligawanywe, kila mmoja achukue sehemu.