Ujumbe Mfupi wa Kompyuta na Lugha Tunayowaachia Wajukuu



Baadhi yenu mmeniuliza ni kazi gani niifanyayo hapa Toronto tangu nilipostaafu ukarani, kazi isiyo na mwajiri wala mshahara. Jawabu ni fupi. Ninatafsiri kwa Kiswahili maneno yanayotokea kwenye kioo cha kompyuta na simu mtu anapotumia programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi na yeyote aweza kuusoma, kuurekebisha na kuutafsiri. Watunzi wa programu huorodhesha kila ujumbe kwa Kiingereza, na chini yake huacha mstari mtupu. Mimi huujaza mstari huo, na mwenzangu aliyeko Dar es Salaam huukagua kabla haujakubaliwa.

Kazi hii haikuanza nasi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice chini ya mradi wa Kilinux, ili karani aweze kuandika barua na hesabu zake kwa programu inayosema Kiswahili. Sisi tunafuata njia waliyoifyeka wao.

Wengi hudhani kwamba taabu ya kazi hii ni kubuni maneno mapya. Taabu hiyo ipo, lakini si kubwa kama idhaniwavyo, kwani maneno mengi tulikuwa nayo majumbani. Kitufe cha kuacha jambo kabla halijatendeka huandikwa "Ghairi", neno ambalo wazee wetu walilitumia kila walipobadili nia ya safari. "Hifadhi" ni neno lile lile la kuhifadhi Kurani. "Futa" tulilijua chuoni, kwenye ubao. "Pakua", kwa kuteremsha faili kutoka mtandaoni, limetoka jikoni, kwenye chungu na upawa. Na pale programu inapokwama, mimi huandika "Kumetokea hitilafu" wala siandiki "Umekosea", kwa sababu si adabu kumtwika mtu mzima kosa ambalo huenda ni la mashine.

Taabu kubwa iko kwenye sarufi. Ujumbe mwingi huja na pengo ndani yake: mtunzi huweka alama, na programu hulijaza pengo hilo kwa jina la kitu chochote wakati wa kazi. Kiingereza kina namna moja tu ya kusema kwamba kitu hicho kimefutwa. Kiswahili hakiwezi kusema hivyo kabla ya kujua ni kitu gani. Picha imefutwa, jina limefutwa, kitabu kimefutwa, ujumbe umefutwa, mtumiaji amefutwa. Nijaze kiambishi kipi, nami silioni litakalokuja?

Niliyesomeshwa Kiarabu hulinganisha bila kutaka. Kiarabu nacho kina masharti yake: hutaka kujua kama ni mwanamume au mwanamke, na katika mafaili haya hupewa nafasi 6 kwa ajili ya idadi, kwani moja, mbili, tatu na kumi na moja hazisemwi kwa namna moja. Kiswahili huridhika na nafasi 2, umoja na wingi, na hakiulizi mume wala mke. Swali lake ni moja: hiki ni kitu cha ngeli gani?

Dawa tuliyoizoea ni kutanguliza neno litakalobeba upatanisho wa sentensi nzima. Tunaandika "Kipengee" kisha pengo, kisha "kimefutwa". Likija jina lolote, sentensi husimama sawasawa. Mwenzangu wa Dar es Salaam, ambaye kwa umri ni mwanangu, aliwahi kuniandikia: "Mzee wangu, watu wataelewa tu hata tukiandika 'imefutwa' kila mahali." Nikamjibu kwamba wataelewa, naam, lakini watoto watakaoisoma programu hiyo kila siku watajifunza kutoka kwetu, nasi tutakuwa tumewafunza kilema.

Nasema hivi kwa sababu ya wajukuu wetu wa huku. Maneno wanayo: kitabu, mkate, gari, mvua. Kinachowatoka mapema ni upatanisho. Husema "kitabu imepotea", na mgeni kutoka Mombasa hutabasamu kwa upole. Mmoja wao aliniuliza: "Babu, kwa nini unajisumbua? Kila mtu anajua Kiingereza."

Nilimtajia dada yangu aliyeko Mombasa. Anasoma Kurani, anasoma Kiswahili, ila Kiingereza hakufundishwa. Mwaka jana simu yake ilimwuliza jambo kwa Kiingereza, naye akabonyeza kitufe akidhani anaruhusu kazi iendelee. Picha zote za marehemu wazazi wetu, ambazo zilikuwa zimenakiliwa kutoka kwenye karatasi zilizoliwa na mchwa, zikafutika. Hapakuwa na nakala nyingine. Wanawe walimlaumu kwa kutosoma. Lakini alisoma, lugha ndiyo haikuwa yake. Laiti ingeandikwa, "Picha zote zitafutwa na hazitarejea. Uendelee?", asingebonyeza.

Mjukuu wangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa nini ni "zitafutwa" wala si "itafutwa". Tukakaa saa nzima juu ya swali hilo, na siku hiyo sikutafsiri kitu kingine.

Jamaa zetu wametawanyika, wengine Maskati, wengine London, wengine hapa Kanada, na kila nyumba ina kijana aijuaye kompyuta na mzee aijuaye lugha. Kazi hii inawataka wote wawili mezani pamoja: kijana ataeleza kitufe kinafanya nini, na mzee atasema jambo hilo huitwaje. Mwenye nusu saa kwa juma na aniandikie, nitamwonyesha mistari iliyo mitupu. Bado ni mingi.

Wabillahi tawfiq.