Hoki ya Wajukuu, Gofu ya Wazee

Kitabu chetu cha mwaka kwa desturi hujaa habari za arusi, za watoto waliozaliwa, za waliofaulu mitihani, na za wapenzi wetu waliotutangulia. Safari hii wahariri wameniomba niandike juu ya michezo. Nadhani wamechoka kunisikia nikiizungumza kila tunapokunywa chai baada ya mkutano, wakaona afadhali niyaweke yote kwenye karatasi mara moja. Nimekubali kwa shukrani. Naandika kwa Kiswahili, maana ndicho kinachotuunganisha sisi wa Nairobi, Kisumu, Mombasa, Kampala, Jinja na Dar es Salaam hapa Great Barr, ingawa majumbani mwetu kila jamaa ina lugha yake.

Shauri lenyewe ni hili. Katika jamaa zetu umezuka ubishi juu ya fungu la michezo, yaani zile fedha tunazochanga kila mwaka. Je, litumike kwa siku ya gofu ya wazee, au kwa hoki ya watoto? Wako wanaosema kwamba hoki imekwisha, ni mchezo wa picha za zamani ukutani, na kwamba mtoto mwenye akili afundishwe gofu. Mimi naipenda michezo yote miwili. Hoki nimeicheza tangu utoto mpaka goti likakataa, na gofu naicheza sasa kila hali ya hewa inaporuhusu. Kwa hiyo naomba nisikilizwe na pande zote mbili.

Kwanza, vijana wajue tulikotoka. Nilizaliwa Nairobi mwaka 1955, baba yangu akiwa karani wa reli. Katika mitaa yetu siku hizo mtoto alipata gongo la hoki kabla ya kupata baiskeli, na uwanja wa City Park ulikuwa mahali pa kwenda na wazee siku za mapumziko. Timu ya Kenya ilikuwa na Masingasinga, Wagoa na wengineo, na jina lililokuwa midomoni mwa kila mtu lilikuwa la Avtar Singh Sohal, tuliyemwita Tari, mlinzi wa nyuma aliyecheza Olimpiki nne, toka Rome mwaka 1960 hadi Munich mwaka 1972. Mwaka 1964 kule Tokyo Kenya ilitoka ya 6. Mwaka 1968 kule Mexico ilitoka ya 8. Na mwaka 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza, lililochezwa Barcelona kwa timu 10, Kenya ilifika nusu fainali. Ikafungwa na wenyeji Spania bao 1 bila, kisha ikafungwa na India 2 kwa 1 katika muda wa nyongeza, ikashika nafasi ya 4. Nafasi ya 4 duniani, ndugu zangu! Sisi tulikuwa tumekwisha hamia Birmingham wakati huo, na baba alilisoma tokeo lile gazetini kwa sauti mara mbili.

Ndugu zetu wa Uganda nao wana kisa chao, na sipendi kisahauliwe. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini, wakapewa siku 90. Mwisho wa mwezi huohuo Olimpiki ikafunguliwa Munich, na Uganda ilipeleka timu ya hoki ambayo ndani yake walikuwamo wachezaji wa Kiasia. Hebu fikirini hali hiyo. Mtu amevaa rangi za nchi, anasimama wakati wimbo wa taifa unapopigwa, na huku nyumbani mama yake anafunga masanduku. Katika michezo ileile John Akii-Bua alishinda mbio za meta 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, na naambiwa na wenzetu wa Kampala kwamba walimshangilia huku wakiwa kwenye foleni za hati za kusafiria.

Tanzania nayo ilipeleka timu ya hoki Moscow mwaka 1980, wakati nchi nyingi zilipogoma. India iliifunga mabao 18 bila. Watu hucheka wakisikia hesabu hiyo. Mimi sicheki, kwa sababu nitakayoieleza mbele kidogo.

Basi kwa nini hoki ya Afrika Mashariki ilishuka? Watu husema ni kwa sababu sisi tuliondoka. Hiyo ni sehemu ya sababu, lakini si yote, na kusema hivyo ni kujisifu kupita kiasi. Mwaka 1976 hoki ya Olimpiki ilichezwa kwa mara ya kwanza juu ya nyasi bandia, kule Montreal. Tangu hapo mchezo ukawa mwingine. Mpira unakwenda kasi zaidi na haurukiruki, na aliyezoea uwanja wa udongo au nyasi za kawaida hujikuta amechelewa kila mara. Uwanja wa namna hiyo ni ghali kuutandika, ni ghali kuutunza, na ule wa kisasa huhitaji kumwagiwa maji kabla ya mchezo. Nchi yenye viwanja vingi iliendelea, na nchi isiyo navyo ikaachwa. Zaidi ya hayo Kenya haikucheza Montreal wala Moscow kwa sababu ya migomo, na kizazi kizima kikapitwa. Iliporudi Los Angeles mwaka 1984 ilitoka ya 9, na Seoul mwaka 1988 ilitoka ya 12. Wanaume wa Kenya hawajacheza hoki ya Olimpiki tena tangu hapo. Paris mwaka 2024, Afrika iliwakilishwa na Afrika Kusini, wanaume na wanawake.

Mnaniuliza matarajio yangu? Nasema kweli, kwa muda mfupi si mazuri. Bara zima hupigania nafasi chache, na Afrika Kusini wana shule zenye viwanja na makocha. Tena orodha ya michezo 10 ya Jumuiya ya Madola kwa Glasgow 2026 ilipotangazwa, hoki haikuwamo. Nchi ndogo za hoki zilikuwa zikipata pale nafasi ya kucheza na wakubwa, na mlango huo ukafungwa. Hata hivyo vipaji havijakosekana. Kinachokosekana ni viwanja, safari za kwenda kucheza na watu wakali, na watu wazima wa kuwapeleka watoto mazoezini. Viwanja vya Nairobi hatuwezi kuvijenga kutoka hapa. Lakini hilo la watu wazima linatuhusu sisi wenyewe.

Mwaka 2022 michezo hiyo ya Jumuiya ya Madola ilikuja mlangoni kwetu. Uwanja wa Alexander uko Perry Barr, na baadhi yetu tulikwenda kwa miguu. Tarehe 3 Agosti Ferdinand Omanyala alishinda meta 100 kwa sekunde 10.02. Wazee waliokuwa karibu nami walilia, na vijana wakashangaa. Sababu ni Seraphino Antao, Mgoa wa Mombasa, aliyeshinda yadi 100 na yadi 220 kule Perth mwaka 1962, na aliyebeba bendera ya Kenya huru Tokyo mwaka 1964. Miaka 60 ilikuwa imepita kati ya ushindi wa mmoja na wa mwingine.

Hoki ilichezwa Chuo Kikuu cha Birmingham, na huko nilikwenda kuwatazama wasichana wa Kenya. New Zealand waliwafunga mabao 16 bila. Nilikuwa na mjukuu wangu wa kike, aliyekuwa mdogo bado. Nilimtazama mlinda lango wa Kenya. Baada ya kila bao aliuchukua mpira, akaurudisha, akajipanga upya na kuwapigia kelele mabeki wake. Hakuacha hata mara moja. Mjukuu wangu hakuuliza habari za mabao. Aliuliza kama na yeye anaweza kufundishwa. Ndiyo sababu sicheki hesabu za Moscow. Anayefungwa 18 na kurudi uwanjani wiki ijayo ni mwanamichezo kuliko mimi ninayehesabu nikiwa nimekaa.

Sasa nije kwenye gofu, maana najua wazee wameanza kununa.

Gofu ni mchezo mzuri, na hapa petu tumebahatika. Uwanja wa Great Barr uko Chapel Lane, kando tu ya barabara kuu ya M6, na si mbali kwa gari iko Belfry, ambako mwaka 1985 timu ya Ulaya iliishinda Marekani katika Kombe la Ryder, jambo lililokuwa halijatokea tangu mwaka 1957. Kwetu Afrika Mashariki gofu ilikuwa ya watu wengine. Tuliitazama kupitia ua. Mashindano ya wazi ya Kenya yalianza mwaka 1967, na Seve Ballesteros aliyashinda mwaka 1978, lakini wengi wetu hatukuwa tumegusa fimbo ya gofu mpaka tulipokuwa na mvi, katika nchi hii. Wakati huohuo, Waafrika wengi waliokuja kuwa wachezaji hodari wa Kenya walianza kwa kuwabebea wengine mifuko. Kwa hiyo ninapotembea kwenye nyasi zile Jumanne asubuhi, najua kuwa nimefika mahali ambapo baba yangu hakuweza kufika, na sitamruhusu mtu aniambie kwamba ni anasa tupu.

Gofu inafundisha adabu pia. Unahesabu mapigo yako mwenyewe, na hakuna anayekusimamia. Ina hendikapu, ambayo humwezesha mzee wa miaka 70 kushindana kwa haki na kijana wa miaka 20. Goti bovu halikuzuii. Na shemeji yangu husema, si bila ukweli, kwamba biashara nyingi hufungwa kati ya shimo la 1 na la 18.

Lakini tazameni tofauti. Gofu inangoja. Mtu akiianza akiwa na miaka 50 bado ataifurahia miaka 25. Hoki haimngoji mtu. Ukimtoa mtoto akiwa na miaka 15, asitegemee kuanza tena akiwa na 30. Jambo la pili, gofu haituhitaji sisi. Tusipokwenda Chapel Lane, mashimo yatabaki palepale. Timu ya watoto ni kitu kingine. Familia tatu zikiwaondoa watoto wao, wengine wanane hawana timu. Hivyo uamuzi wa nyumba moja huwa uamuzi wa nyumba zote.

Naandika hivi kwa kuwa jambo lenyewe limo nyumbani mwangu. Yule mjukuu sasa ni kiungo wa timu yake, na ana jicho la pasi ambalo halifundishwi. Baba yake, mwanangu mwenyewe, anataka aache ifikapo mitihani. Sipendi kumpinga mtu juu ya mtoto wake mbele ya watu, na nimemwambia kwamba nitaandika haya. Naye amenijibu kwa heshima kwamba nami nimsikilize. Nimemsikiliza. Mitihani ni muhimu. Hapa Uingereza sisi tulisimama kwa elimu. Ila wasichana wa jamaa zetu waliobaki katika hoki ni wachache, na nikihesabu miaka, yeye akiacha, wadogo zake hawatamwona dada yeyote wa kumfuata. Mazoezi ni mara mbili kwa wiki. Simu yake humchukulia saa nyingi zaidi ya hizo.

Wala msiseme kwamba mtoto wa kwetu hawezi kufika mbali. Uingereza ilipotwaa dhahabu ya hoki Seoul mwaka 1988 kwa kuifunga Ujerumani Magharibi 3 kwa 1, Imran Sherwani alifunga mabao 2, na Kulbir Bhaura alikuwamo kikosini. Na hapahapa Birmingham tunayo klabu ya Barford Tigers, yenye mizizi kwa vijana wa Kiasia wa mji huu. Mlango uko wazi kwa anayetaka kuingia.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Siku ya gofu ya wazee iendelee, wala isiguswe, lakini kila mchezaji ajilipie mwenyewe, na juu yake atoe pauni 5. Fungu lote la michezo, pamoja na pauni hizo, linunue magongo, vikinga meno na vikinga miguu kwa watoto, na lilipe ada za wale ambao nyumbani mambo ni mazito, bila kutangaza majina. Wazee wenye magari wajiandikishe kwa zamu za kuwapeleka mazoezini, ili wazazi wanaofanya kazi usiku wapate kupumzika. Na kila mwaka wa mitihani mtoto apunguziwe mazoezi badala ya kuondolewa kabisa. Nimezungumza na mwanangu juu ya hilo la mwisho, na amekubali kulijaribu mpaka Pasaka.

Shauri litapigiwa kura katika mkutano mkuu. Asiyekubaliana nami aje aseme, nami nitamsikiliza, kisha twende pamoja Chapel Lane tukaendelee kubishana huko. Karatasi ya zamu za magari iko kwa mweka hazina. Mpaka sasa ina majina manne, na la kwanza ni langu.

Nawatakieni nyote mwaka wa afya na amani.