Bango la Mfereji

Mpwa wangu alinitumia tangazo la usafi wa mtaa wetu, Kigogo. Amelitengeneza mwenyewe kwenye simu, kwa kujitolea, na kwa hilo nampongeza. Lina nembo nne, picha ya watoto wanaocheka ambao si wa Kigogo, na maneno madogo ya bluu juu ya bluu. Nikamuuliza tunakutana saa ngapi. "Mjomba, si imeandikwa hapo chini!" Kisha akataka kujua kama zamani, kabla ya kompyuta, kulikuwa na wabunifu wa matangazo au mwenyekiti alipita tu na kipaza sauti.

Walikuwepo. Sisi tulikuwa na fundi wa maandishi, kibarazani jirani na genge la ndizi. Mchana aliandika majina ya maduka na misemo ya nyuma ya magari, akalipwa. Jioni aliifanyia kazi kamati ya mfereji, bure. Kamati yenyewe haikuwa na ofisi wala muhuri. Ilikuwa watu wa nyumba za bondeni, wanaojua kwamba Msimbazi ukifurika maji yanaanzia chumba cha nani. Kabla ya masika mfereji lazima uzibuliwe, na shida ilikuwa kuwapata watu wa juu, ambao mafuriko hayawafikii ila taka zao ndizo zinazoshuka.

Nilitaka kuandika kwamba bango la kwanza ninalolikumbuka ni la 1984. Dada yangu anasema wakati ule alikuwa hajaolewa, kwa hiyo ni 1983 au nyuma zaidi. Basi na iwe hivyo. Rangi ilikuwa haipatikani. Wa rika letu hawahitaji maelezo.

Nyeusi aliitengeneza mwenyewe. Alipasua betri za redio zilizokwisha, akatoa ule unga wake, uleule ambao shuleni tulipakia ubao, akauchanganya na masalio ya rangi ya mafuta na tone la mafuta ya taa. Nyeupe ya kupaka ubao mzima ilikuwa chokaa iliyotiwa chumvi ili ishike. Mimi nilikuwa mshika kopo. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya taa inanijia pamoja na vitumbua, maana mama wa jirani alikuwa akikaanga palepale, na fundi alikula kwa mkono uleule alioshikia brashi.

Hakuanza kuandika mara moja. Alikaa gengeni kwanza akitazama wapita njia: nani husimama, nani yuko juu ya baiskeli, nani kabeba ndoo kichwani na hawezi kugeuka. Sharti lake lilikuwa moja, wa baiskeli asome bila kushuka. Kwa hiyo maneno yalikuwa matatu: MFEREJI. JUMAMOSI. KOLEO. Alipaka uzi chaki, akaukaza, akauachia upige mstari, ndipo herufi zikapangwa kuanzia katikati kwenda pembeni.

Saa hakuiandika, aliichora. Mshale mfupi akauelekeza kwenye saba, kama saa ya ukutani inavyoonyesha. Mzee mmoja akapinga: tumekubaliana saa moja asubuhi, wewe unatuitia adhuhuri? Mwingine akamtetea fundi. Wauza ndizi wakaingilia, watu wa juu waliokuwa wakienda zao wakasimama kusikiliza, ubishi ukafika mpaka kwa imamu. Fundi akafuta saa, akachora jua likichomoza juu ya mapaa. Kufikia hapo hakuna aliyekuwa hajui kuhusu Jumamosi. Siku yenyewe makoleo yalipungua, watu wakawa wanapokezana. Sitaki kuambiwa kwamba ile haikuwa sanaa.

Baadaye zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki, zikaja sura za wagombea, kibaraza kikawa duka la vocha. Fundi macho yalimshinda, akarudi kwao, akafia huko. Desemba 2011 ikanyesha mvua ambayo haijapata kuonekana Dar es Salaam tangu 1954, na baadhi ya majirani wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2015 walianza vijana wa Ramani Huria, wanafunzi wa Ardhi na Chuo Kikuu wakishirikiana na wakazi, kuchora mitaa na mifereji. Hao niliwapenda. Ramani zao zilichapwa kubwa, zikatandazwa mezani, na watu wakabishana juu yake nyumba ya nani iko wapi.

Sasa tangazo linaingia kwenye kundi la simu, watu wanaweka vidole gumba, na Jumamosi mfereji una watu wachache pamoja na mpiga picha. Mpwa wangu ana kipaji kumzidi fundi. Ila hajawahi kukaa gengeni.

Mabango yale hakuna aliyeyatunza. Wenye albamu za miaka ile, za Kigogo, Mburahati au Tandale, tazameni nyuma ya maharusi na timu za mpira, mengi yamo humo. Pigeni nakala, andikeni mtaa na mwaka, mzipeleke Makumbusho ya Taifa kabla mchwa hawajazimaliza.