Nani Yumo?

Mwaka jana nilikaa miezi miwili Buseresere, wilayani Chato, kwa mpwa wangu. Mji huo umeshikana na Katoro hata mgeni hajui anapouvuka mpaka. Mpwa wangu aliacha kuchimba dhahabu, akafungua duka la steshenari. Kompyuta yake ni moja, ina Linux, na vijana wake huitumia kila mmoja kwa jina lake na neno lake la siri.

Aliniomba nimwandikie kwa Kiswahili maelezo ya amri wanazozitumia. Mimi sikusoma chuo chochote. Nilichonacho nimekipata katika vitabu vya kuazima. Lakini nilikumbuka kuwa tangu 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikwisha kutoa Jambo OpenOffice, nikaona jambo hili si muhali.

Amri moja yaitwa who, yaani "nani". Nikaandika: "Huonesha nani yumo." Nikaridhika nayo, kama mtu aliyepata kina bila ya kukitafuta.

Jioni mpwa wangu akaiita amri hiyo, na jina langu likatokea mara nne.

"Mjomba," akacheka, "leo mmekuja wanne!"

Nilikuwa nimefungua madirisha manne ya xterm. Kila dirisha huhesabiwa kuwa taminali mbali, na kila moja lilikuwa limejiandikisha katika faili iitwayo utmp, ambayo ndiyo daftari la waliomo sasa. Lipo na la pili, wtmp, linalotunza habari za kuingia na kutoka. Kisha akafungua dirisha la programu nyingine, isiyo na desturi ya kujiandikisha. Akafanya kazi humo, na daftari lisiongeze hata mstari. Akanambia pia kwamba programu ikifa ghafla, mstari wake waweza kusalia, ukamtaja mtu aliyekwisha kwenda zake.

Hapo kicheko kikamwisha. Akanisimulia habari za duara alilokuwa akichimba zamani. Aliyeshuka aliandikwa, aliyepanda alifutwa. Siku moja yeye alipanda, wala hakufutwa. Na kijana mwingine alishuka kwa haraka, wala hakuandikwa. Duara likaporomoka. Watu walichimba usiku kucha wakiliita jina la mpwa wangu, ilhali yeye alikuwa Katoro, amelala. Asubuhi alipotokea, walimshukuru Mungu wakaweka sururu chini, kwani daftari lilikuwa limekamilika. Yule kijana alitolewa siku ya tatu, maiti.

"Daftari halikusema uongo, Mjomba," akanambia. "Lilisema lililoambiwa."

Sisi watu wa pwani twapiga hodi, na wa ndani huitika kwa sauti yake. Daftari haliitiki. Na hili la utmp lina ukomo wake: katika mifumo mingi ya Linux huhesabu sekunde tangu 1970 kwa namba itakayojaa tarehe 19 Januari 2038, na baadhi ya mifumo imekwisha kuanza kuliacha. Litakuja jingine, nalo litaandika lile litakaloambiwa.

Usiku ule nilikata sentensi yangu, nikaandika upya: "Huonesha walioandikwa kuwa wamo." Si tamu kama ya kwanza. Mpwa wangu aliisoma mara mbili, akaichapa, akaibandika ukutani juu ya kompyuta.