MULIMA WA WAZEE NA NJIA YA WATALII



Wazee wetu Wanande, na ndugu zao Wakonzo wa Uganda, walisema kule juu ya Ruwenzori, ndani ya nzururu, ndiyo theluji, anakaa Kitasamba. Mutu hakupanda ovyo. Muwindaji alitoa kwanza sadaka.

Kumbe njia ya watalii nayo ilitoka kwa watu haohao. Mwaka 1906 Duc wa Abruzzi, wa jamaa ya kifalme ya Italia, alifika kilele cha Margherita, mita 5,109. Vitabu vinataja jina lake. Lakini ni Wakonzo walibeba mizigo yake katika baridi.

Mwaka 1987 Wakonzo wa Uganda walifanya jambo la akili: waliunda kampuni yao wenyewe, Rwenzori Mountaineering Services. Mubeba mizigo ni mutoto wa kijiji, guide pia. Parc yao ilikuja nyuma, 1991. Upande wetu mulima uko ndani ya Parc ya Virunga, njia inapandia Mutwanga, lakini vita imefukuza wageni.

Wenzetu wengine wanasema: mukristo asiwaelezee watalii habari za Kitasamba, ni kurudisha mizimu. Mimi sikubali. Kueleza si kuabudu. Babu yangu ni muzee wa kanisa, hamuogopi Kitasamba hata kidogo. Lakini ukikata muti karibu na chemchemi, atakufukuza na fimbo. Nilimuuliza sababu. Akajibu: «Si wewe unakunywa yale maji?»

Hapo ndipo shida yetu. Zamani woga ulichunga pori. Woga umeisha, nani atachunga? Wengine wanajibu: makuta ya watalii. Lakini mutalii anafuata theluji, na tangu 1906 sehemu kubwa ya ile barafu imekwisha kuyeyuka. Tukitegemea theluji peke yake, watoto wetu hawatakuwa na kitu cha kuonyesha. Kitakachobaki ni maji, pori na maneno ya wazee. Na wazee nao wanaondoka.

Basi, likizo inakaribia. Kila mumoja amuulize muzee wa kwao neno moja juu ya mulima, aliandike katika cahier, aniletee siku ya kurudi. Tutayapanga katika gazeti hili. Siku amani itafungua njia, mugeni asikute guide asiye na la kusema.