Stoo, Kituo, Tume

Jumatano, 16 Machi 2022

Nimetoka kituoni jana kwa dhamana ya polisi, saa 24 hazijatimia. Walionidhamini ni kaka yangu na mjumbe wa nyumba kumi. Leo sina pa kwenda, naandika.

Juzi kazini walihesabu stoo. Matairi 46 ya malori yapo kwenye kadi ninayoijaza mimi, kwenye rafu hayapo. Meneja hakuniuliza lolote. Alipiga simu, na muda si mrefu maafande wawili wakawa mlangoni. Nilipita uwanjani katikati yao, vibarua wakaacha kupakia wakanitazama. Miaka tisa nimeingia kwa geti lile.

Nimeandikishwa maelezo ya onyo. Kosa wanalolichunguza ni wizi akiwa mtumishi, kifungu cha 271 cha Kanuni ya Adhabu. Mpelelezi ni mtu wa makamo, hakunitukana wala hakunitisha. Niliomba kumpigia kaka, akanipa simu. Kabla ya kusaini nilimwambia, "Afande, naomba unisomee tena." Akanisomea. Mahali alipoandika "mimi ndiye mwenye funguo za stoo" nikamwomba aandike "mmoja wa wenye funguo". Akarekebisha, nikasaini.

Funguo zipo seti tatu. Moja kwangu, moja kwa meneja wa mauzo, moja inatundikwa kibandani kwa walinzi, kwa ajili ya malori ya Zambia na Kongo yanayopakia usiku. Hii ya tatu ndiyo inayonikosesha usingizi.

Jumapili, 27 Machi 2022

Wanakikoba wamekuja watatu baada ya ibada. Wamekaa, wamekunywa chai, wameniulizia watoto. Kisha mwenyekiti akaanza kwa taratibu: "Dada, sisi tunakujua. Lakini watu wanasema." Nimewapa ufunguo wa kasha kabla hajamaliza. Nilikuwa mweka hazina.

Sina kinyongo nao. Pesa za kikoba ni ada za shule na mitaji ya genge, mtu akizionea wasiwasi hana kosa. Ila nimebaki nawaza jambo moja. Kasha letu lina kufuli tatu na funguo kwa wanawake watatu tofauti, halifunguliwi mpaka wote watatu wakae pamoja mbele ya wanachama, na kila shilingi inatajwa kwa sauti. Stoo yenye matairi ya mamilioni ina seti tatu pia, lakini yeyote mwenye moja anafungua peke yake, saa yoyote, bila kusaini popote.

Jumanne, 29 Machi 2022

Barua ya kusimamishwa kazi kupisha uchunguzi, mshahara kamili. Mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi, TUICO, anasema hapo hawajakosea, kanuni zinaruhusu hivyo.

Jumatatu, 11 Aprili 2022

Kikao cha nidhamu. Wito niliupata Ijumaa asubuhi. Saa 48 za kujiandaa zimetimia kwa hesabu ya saa, na zote zimeliwa na Jumamosi na Jumapili.

Mwenyekiti wa kikao ni meneja yuleyule aliyeita polisi. Mwakilishi alisimama akasema kwa heshima kwamba Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinataka kikao kiongozwe na mtu mzito wa menejimenti asiyehusika na tukio. Mwenyekiti akajibu kwamba hoja imepokelewa. Akaendelea kukaa.

Nikaomba taarifa ya mkaguzi wa ndani, maana ndiyo walikuwa wakiisoma. Walisoma kurasa mbili, nikaona mezani ziko nyingi zaidi. Nikanyimwa, eti ni siri ya kampuni. Nitajiteteaje kwa karatasi nisiyoiona? Niliuliza daftari la getini la usiku wa Februari liko wapi. Nikaambiwa hilo lipo polisi.

Mwakilishi alikuwa amefunga Ramadhani, sauti imemkauka, na alibishana nao hadi alasiri. Nikiwa hai sitausahau wema wake.

Alhamisi, 14 Aprili 2022

Barua imetoka leo, Alhamisi Kuu, saa kumi jioni. "Uzembe na kupoteza imani." Neno wizi halimo. Polisi niliripotiwa kwa wizi, kazi nimefukuzwa kwa uzembe.

Mume wangu ameisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka kabatini na vyeti vya watoto.

Jumatano, 20 Aprili 2022

Ukoo mzima unasema nisubiri. Kaka: "Polisi wakikusafisha, kampuni itakurudisha yenyewe." Baba mdogo kapiga simu kutoka Tanga kusema hivyohivyo. Ni ushauri wa upendo, na ungeniangamiza.

Leo nimekaa na mwakilishi kwenye baraza yake, akanieleza polepole, nami naandika hapa ili niweze kumweleza mwingine. Mambo ni mawili na kila moja lina mlango wake. Jinai ni ya Jamhuri: polisi wanapeleleza, Ofisi ya Taifa ya Mashtaka inaamua kama kuna kesi, na huko mtu hatiwi hatiani mpaka ithibitike bila kuacha shaka. Ajira ni yangu na mwajiri. Mlango wake ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na mgogoro wa kuachishwa kazi unafikishwa pale ndani ya siku 30. Siku hizo zinaanza kuhesabiwa unapoachishwa. Hazimsubiri mpelelezi. Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka zimo humohumo. Ukichelewa unaanza kuomba kwanza uongezewe muda, ueleze sababu ya kila siku uliyochelewa, na "nilikuwa nasubiri polisi" ni sababu dhaifu.

Kisha akanionyesha kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu kidogo cha tano. Mfanyakazi akishashtakiwa mahakamani kwa kosa ambalo kimsingi ndilo hilohilo, mwajiri haruhusiwi kumwadhibu wala kumfukuza mpaka kesi iishe, pamoja na rufaa yake. Anaweza kumsimamisha tu, kwa mshahara kamili. Nilikisoma mara nyingi. Maana yake ni kwamba ningekuwa nimepandishwa kizimbani, leo ningekuwa bado napokea mshahara. Kwa kuwa nachunguzwa tu, kinga hiyo hainifikii. Mtu ambaye Jamhuri imeona ana kesi ya kujibu analindwa, na ambaye haijaona lolote juu yake anaachwa wazi. Mwakilishi anasema ndivyo sheria ilivyoandikwa: inazuia mtu asiadhibiwe kazini kwa jambo ambalo mahakama inalisikiliza. Sababu naielewa. Lakini tulio katikati, wenye jalada kituoni na hatuna hati ya mashtaka, ni wengi, na naona Bunge lingetutazama.

Alhamisi, 5 Mei 2022

Nimefungua mgogoro. Fomu namba 1 ya CMA, nakala kwanza kwa mwajiri, akagonga mhuri wa kupokea, ndipo nikaipeleka Tume. Kwenye madai nimeandika kuachishwa kazi isivyo halali, kwa sababu na kwa utaratibu. Kulipa hakuna.

Jumatano, 1 Juni 2022

Usuluhishi. Kampuni imetoa mishahara mitatu, nisaini yaishe. Msuluhishi hakunilazimisha. Alinieleza kwamba yanayosemwa pale hayatatumika dhidi ya mtu mbele ya mwamuzi, na kwamba uamuzi ni wangu.

Ada ya muhula wa pili haijalipwa. Nilitoka nje, nikampigia mume wangu. Akasema, "Ukisaini, watakuandikia cheti cha utumishi kinasema nini?" Nikarudi nikauliza. Wakasema watakiandika walivyoandika barua. Uzembe na kupoteza imani. Nani Dar es Salaam nzima atanipa stoo nyingine kwa cheti hicho? Nikakataa. Tumepewa hati ya kutofikia makubaliano.

Jumanne, 19 Julai 2022

Mpelelezi ameniita. Nilifika, shikamoo, marahaba, akanirudishia simu yangu waliyokuwa wameishikilia na kunisainisha. Jalada limefungwa, ushahidi hautoshi. Daftari la getini, anasema, kampuni haikuwahi kulileta. Waliomba mara kadhaa. Nimemwomba aniandikie kwamba limefungwa, ameniambia nipeleke barua kwa mkuu wa upelelezi. Nitapeleka.

Kaka amefurahi hadi amechinja kuku. Nami nimefurahi, nisikufuru. Lakini kila aliyekuja leo ameuliza narudi lini kazini.

Jumanne, 13 Septemba 2022

Uamuzi umeanza kusikilizwa. Kampuni imetangulia kutoa ushahidi, maana kifungu cha 39 kinamtwisha mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba alimwachisha mtu kwa haki. Miezi yote hii nimejiona mimi ndiye wa kuthibitisha sikuiba. Kumwona wakili wao anasimama kwanza kumenipa nguvu hata ya kukaa sawasawa kitini.

Wakili yule si mtu wa kubezwa. Alipoona barua ya polisi kwenye vielelezo vyetu alisema, "Mheshimiwa mwamuzi, polisi kukosa ushahidi wa wizi hakumaanishi hapakuwa na uzembe. Hapa hatudaiwi kuthibitisha bila kuacha shaka. Tunapima kwa mizani ya uwezekano." Na ni kweli. Mwakilishi alikuwa amenitahadharisha: wapo walioachiwa na mahakama ya jinai na wakashindwa kesi ya kazi, kwa sababu kipimo kule ni kizito na huku ni chepesi. Ndiyo sababu hatukuiegemea barua ya polisi peke yake.

Shahidi wao wa kwanza, mkaguzi wa ndani. Ameulizwa na ofisa wa chama anayeniwakilisha.

Seti za funguo ni ngapi? Tatu.

Kuna kitabu cha kusaini anayechukua ya kibandani? Hakuna.

Februari malori yalipakia usiku? Ndiyo.

Mtunza stoo alikuwepo? Zamu yake ni ya mchana.

Anayetoa matairi usiku anajaza kadi? Anapaswa kuacha hati, kadi inajazwa asubuhi.

Hati za Februari ziko wapi?

Hapo alinyamaza, mwamuzi akasubiri kalamu mkononi. Kisha akasema baadhi hazikuonekana. Akaulizwa kama hilo limo kwenye taarifa yake. Limo. Ukurasa wa ngapi? Wa saba. Mimi kwenye kikao cha nidhamu nilisomewa mbili.

Nililia kwenye daladala, sikujali nani ananitazama. Ukweli uliokuwa unaniokoa walikuwa nao tangu Aprili, mezani, futi mbili kutoka nilipokaa.

Jumanne, 4 Oktoba 2022

Zamu yangu. Nimesema kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Tangu marekebisho ya 2021 ndiyo lugha ya utoaji haki, na ilinisaidia sana kusema jambo kama ninavyolijua.

Wakili aliniuliza kama kadi ni jukumu langu. Ni langu. Kama nilijua hati za usiku hukosekana? Nilijua, na niliandika barua pepe mbili mwaka 2021 kulalamika. Zimepokelewa kama vielelezo.

Alhamisi, 24 Novemba 2022

Tuzo imesomwa. Sababu haikuthibitishwa, na utaratibu ulikiukwa: mwenyekiti alikuwa mhusika, na taarifa ya ukaguzi sikupewa. Fidia ya mishahara 12, ambayo ndiyo kima cha chini kwa kifungu cha 40. Juu yake notisi ya siku 28, likizo ambayo sikuichukua, na kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka, miaka tisa. Na cheti cha utumishi.

Kurudi kazini sikuomba. Nisingeweza kulipita tena geti lile.

Nilimpigia mwenyekiti wa kikoba kabla ya kumpigia mama yangu, sijui kwa nini.

Jumanne, 10 Januari 2023

Kampuni imekwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kuomba marejeo ya tuzo. Sheria inawapa wiki sita, wamefungua zikikaribia kwisha. Wanasema mwamuzi alipima ushahidi vibaya. Mume wangu ameanza kufanya kazi na Jumapili.

Alhamisi, 22 Juni 2023

Hukumu. Jaji amekubaliana na tuzo. Kuhusu polisi amesema maneno machache tu: kufungwa kwa jalada si ushahidi wa upande wowote, na mwajiri alitakiwa kusimama kwa ushahidi wake mwenyewe, hakuwa nao. Maombi yametupiliwa mbali. Kila upande ubebe gharama zake.

Jumanne, 25 Julai 2023

Kwenda Mahakama ya Rufani wanaruhusiwa kwa hoja za sheria tu, na notisi ya rufaa ni ndani ya siku 30. Zimeisha Jumamosi. Masjala wameangalia leo, notisi hakuna.

Mlinzi mmoja wa kibandani ameachishwa kazi wiki iliyopita, naye yupo kwa dhamana. Alikuja jioni na mkewe. Nimemwandikia kwenye karatasi tarehe ya mwisho ya kufika Tume, nikaipigia mstari, nikamwambia: kaka yangu, kituoni uitwe uende, lakini fomu namba 1 ipeleke wiki hii, usimsubiri mpelelezi.

Cheti changu cha utumishi kimeletwa. Kimeandikwa jina, cheo, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza.