Mkono Juu ya Kichwa

Vizazi kadhaa vya watoto wa Machakos viliujua mtihani mmoja ambao haukuhitaji kalamu wala karatasi. Mtoto aliyepelekwa kuandikishwa shuleni aliamriwa kuupitisha mkono wa kulia juu ya utosi, kisha aliguse sikio la kushoto. Kidole kilipolifikia sikio, mlango wa shule ulifunguka. Kilipopungua japo kwa upana wa ukucha, mtoto alirudi kuchunga mbuzi na kungoja mwaka mwingine. Vyeti vya kuzaliwa vilikuwa adimu. Basi mwili wenyewe ukafanywa cheti.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba mkono hausemi umri peke yake. Husema pia habari za chakula. Ukambani ni nchi ya mvua haba, nchi iliyoonja njaa kuu ya 1898 na 1899 iliyofuatana na ndui. Katika nchi kama hiyo, mtoto aliyekosa lishe alidumaa, na aliyedumaa alihesabiwa kuwa hajatimiza umri. Njaa ikamwadhibu mara mbili: kwanza tumboni, kisha mlangoni pa shule.

Huko Uingereza, ukaguzi wa afya ya wanafunzi ulitokana kwa sehemu kubwa na fedheha. Wakati wa vita vya Afrika Kusini, kati ya 1899 na 1902, vijana wengi wa kimaskini waliojitolea kuwa askari walikutwa na miili dhaifu isiyofaa jeshini. Taifa likashtuka. Sheria ya 1906 iliruhusu watoto walishwe shuleni, na ile ya 1907 ikaagiza wanafunzi wa shule za msingi wakaguliwe na madaktari. Udhaifu wa mtoto ulianza kutazamwa kama deni la wakubwa wake.

Ukambani, kama kwingineko nchini Kenya, mambo yalikwenda kinyume. Ukaguzi ulioacha kumbukumbu chungu zaidi haukuwa wa watoto bali wa baba zao. Mnamo 1917, John Ainsworth, aliyewahi kuitawala Machakos tangu 1892, alikabidhiwa kazi ya kukusanya wapagazi wa vita dhidi ya Wajerumani. Wanaume walipangwa mistari wakakaguliwa. Wengi walikataliwa kwa udhaifu. Walioonekana wazima walipelekwa kubeba mizigo, na makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita hivyo wakafa kwa kuhara, malaria na uchovu. Majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam yangali yanawakumbusha. Katika mtihani huo, aliyefaulu ndiye aliyepotea, na aliyeanguka ndiye aliyerudi kwake. Je, ni ajabu mzazi aliyeyashuhudia hayo akisita kumvua mwanawe shati mbele ya daktari?

Shule ya serikali ilikuwa imekwisha kufunguliwa Machakos mnamo 1915. Wasomi walipoanza kuongezeka, kipimo kikahama kutoka mkononi hadi kichwani. Katika miaka ya 1930, Daktari H. L. Gordon wa hospitali ya Mathari, Nairobi, alipima mafuvu ya Waafrika, na mwenzake F. W. Vint akapima uzito wa bongo za maiti. Kutokana na vipimo hivyo Gordon alidai kwamba akili ya Mwafrika ilipungukiwa tangu kuzaliwa, na kwamba elimu ya Kizungu haikumfaa. Almuradi, utepe wa kupimia ulitafutiwa sababu ya kuufunga mlango.

Lakini ushahidi mwingine ulikuwapo tayari. Mnamo 1931, J. L. Gilks na John Boyd Orr walichapisha utafiti wao kuhusu Wakikuyu na Wamaasai. Waliona kwamba mwanamume wa Kimaasai aliyekomaa alimzidi Mkikuyu kwa wastani wa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito, na tofauti hiyo wakaihusisha na mlo wa kila mmoja. Chungu cha jikoni kilieleza mengi kuliko fuvu.

Historia nayo ilitoa jibu lake. Miongoni mwa watoto waliosoma Kabaa, wilayani Machakos, alikuwamo Tom Mboya. Baadaye alisomea ukaguzi wa afya katika Shule ya Jeanes, Kabete, akaajiriwa na jiji la Nairobi. Mnamo 1959 alikuwa miongoni mwa walioongoza mpango uliowapeleka vijana 81 kusoma Marekani kwa ndege moja.

Wahenga walionya kwamba ukimwona simba amenyeshewa, usimdhanie paka. Kupima si kosa. Mtoto asiyepimwa huenda akafa kwa maradhi yanayotibika. Kosa ni kupima kisha kufunga mlango. Mkono ulioshindwa kulifikia sikio haukuwa ukiomba kuhukumiwa. Ulikuwa ukiomba chakula.